Eti "Mawe Tu": Nawajibu Mlionicheka kwa Kwenda Songo Mnara

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama kibaraza hiki nimekifunga. Sijakifunga. Kazi zimenibana, na baridi ya Jozi mwezi wa Julai ikikushika hutamani hata kutoa vidole nje ya blanketi, sembuse kuandika. Ila leo naandika kwa hasira kidogo. Mnivumilie. Nikishamaliza kusema nitapoa, na wenye kubisha tutabishana kama ndugu.

Mnakumbuka likizo iliyopita nilikuja nyumbani wiki tatu. Siku mbili kati ya hizo niliaga pale Masoko nikapanda mashua kwenda Songo Mnara, nikapiga picha, nikawatumia. Picha niliyoipenda kuliko zote ni ya kile kimsikiti kidogo kilicho katikati ya uwanja, jirani na makaburi, kisicho na paa, kimesimama peke yake na kuta zake zimeota majani. Niliituma nikidhani nawapa zawadi. Majibu niliyopata nanyi mnayajua, lakini nayarudia ili tuende pamoja.

La kwanza lilitoka kwa mjomba wangu, mtu ninayemheshimu sana, aliyenilipia ada ya sekondari: "Yaani mwanangu umetoa nauli kutoka Afrika Kusini kuja kuangalia MAWE TU?" La pili, rafiki niliyesoma naye: "Hayo ni ya Waarabu bwana, sisi hatuhusiki." La tatu, shangazi mmoja, kwa upole wake wa siku zote: "Ungechangia zahanati, baba. Watu wanaumwa, wewe unapiga picha magofu." Halafu mkacheka wote, mkaweka na vikaragosi vya kucheka. Sawa. Leo ni zamu yangu.

Nianze na safari yenyewe, maana nina hakika wengi mnaonicheka hamjawahi kufika. Na mimi sijitoi: nimezaliwa Kilwa, nimekua Kilwa, kila asubuhi nikienda shule nilikiona Kisiwani ng'ambo ya maji, na Songo Mnara sikuwahi kukanyaga mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye pasipoti iliyojaa mihuri ya Beitbridge. Aibu hiyo ni yangu kwanza.

Mashua inatoka Masoko, unakiacha Kilwa Kisiwani, unapita Sanje ya Kati, unaelekea kusini. Ukikuta maji yametoka, mashua haifiki ufukweni. Unakunja suruali, unashika viatu mkononi, unapita kwenye tope katikati ya mikoko huku kaa wanakukimbia. Halafu ghafla unatoka kwenye miti, na huo hapo mji. Nasema MJI, sio kibanda. Zaidi ya nyumba 30 za mawe, jengo kubwa wanaloliita kasri, misikiti mitano, makaburi, na ukuta ulioizunguka sehemu kubwa ya yote hayo. Watu waliishi pale kuanzia karne ya 14 hadi karne ya 16, kisha wakahama, na mji ukaachiwa popo na mibuyu.

Kile kimsikiti unaweza kukizunguka kabla hujamaliza kusoma Fatiha mara tatu. Hakina mnara, hakina mbwembwe. Ukiingia unaona kibla, upinde wake umechongwa kwa jiwe la tumbawe. Nikakaa pale chini, kwenye kivuli cha ukuta, labda saa nzima. Mwenyeji aliyenipeleka, kijana wa kisiwani hapo hapo, hakunisemesha. Nadhani ameshawazoea wageni wa aina yangu, ingawa aliniambia wageni wake wengi ni Wazungu, na Waswahili wa kuhesabu.

Sasa twende kwenye majibu.

"Mawe tu"

Mjomba, kwa heshima zote, hakuna kitu kinachoitwa mawe tu. Hebu tuangalie ukuta ule umejengwaje.

Mawe ya ukuta ni matumbawe ya kale, yale magumu yanayochimbwa nchi kavu. Lakini mawe ya kibla na ya mihimili ya milango ni ya aina nyingine: ni tumbawe linalokatwa baharini likiwa bado bichi. Likitoka majini ni laini, fundi analichonga kama mbao. Likishakauka linakuwa gumu, na ule mchongo unabaki. Fundi hana siku nyingi za kufikiri. Anatakiwa ajue anachonga nini kabla jiwe halijakauka. Chokaa ya kuunganishia ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo kwenye tanuri la magogo. Paa lilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuuzidisha, ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani yetu ni virefu lakini vyembamba. Mtu alipima, akahesabu, akajua mti unabeba nini na ukuta unabeba nini. Kuta zimesimama zaidi ya miaka mia tano kwenye upepo wa chumvi.

Sasa mjomba, lile banda la matofali ya saruji tulilolijenga pale uani mwaka 2011, na hela nilituma mimi, liko wapi leo? Limepasuka kutoka msingi mpaka dirishani. Na fundi alikuwa na pimamaji.

Huko Ireland kuna kisiwa kinaitwa Skellig Michael. Ni jabali limesimama baharini, mbali na nchi kavu, na juu yake watawa wa Kikristo wa zamani walipanga mawe wakajenga vibanda na vijikanisa vidogo kabisa, vidogo kuliko jiko la mama. Watawa wenyewe walihama pale mamia ya miaka iliyopita. Mwaka 1996 UNESCO wakakitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Leo watu wanapanga foleni kwenda, mpaka serikali imeweka kikomo cha wageni kwa siku ili wasikanyage mpaka pakaharibika. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia Muairishi "hayo ni mawe tu". Nao Songo Mnara na Kilwa Kisiwani ziliingia kwenye orodha hiyo hiyo mwaka 1981, miaka 15 KABLA ya hao. Mlikuwa mnajua? Basi ndiyo hivyo.

"Ni ya Waarabu, sisi hatuhusiki"

Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuishi Jozi kumenifundisha jambo hili linaua.

Wengi mnakumbuka Mei 2008. Fujo zilianzia Alexandra, zikasambaa, na zilipoisha watu zaidi ya 60 walikuwa wameuawa kwa kosa la kuwa wageni, au kudhaniwa wageni. Mimi nilikuwa nimefika mwaka mmoja nyuma. Nilijifungia chumbani Yeoville siku nne na Mkongo mmoja na Wamalawi wawili, tukila mkate na chai ya rangi. Jina letu mitaani lilikuwa makwerekwere, yaani watu wasioeleweka lugha yao, watu wa kelele tu. Na chini ya jina hilo kulikuwa na wazo: huko kaskazini mnakotoka hakuna kitu, hakujawahi kuwa na kitu, ndiyo maana mmekuja kwetu.

Kazini nilikuwa na mwenzangu, mlinzi, Mvenda wa Limpopo. Mtu mzima, mkimya. Baada ya fujo kutulia akaniuliza, bila ubaya, kwamba huko kwenu kuna nini hasa. Nikababaika. Nikataja Kilimanjaro, nikataja simba na Serengeti. Akacheka, akasema simba hata kwetu wapo. Nauliza WATU walifanya nini. Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Kijana wa Kilwa, sikuwa na jibu!

Yeye ndiye aliyenieleza habari za Mapungubwe, mlima ulio kwao karibu na mto Limpopo unapokutana na Shashe. Katika karne ya 13 palikuwa na ufalme pale, na wafalme walizikwa juu ya mlima na dhahabu, pamoja na kifaru mdogo wa mbao aliyefunikwa kwa mabati membamba ya dhahabu. Makaburi hayo yalifukuliwa kuanzia miaka ya 1930, vitu vikaenda Chuo Kikuu cha Pretoria, na kwa miaka mingi ya ubaguzi havikutangazwa kwa wananchi. Kwa nini? Kwa sababu watoto mashuleni walikuwa wanafundishwa kwamba Wazungu walipofika nchi ilikuwa tupu. Kifaru wa dhahabu anaharibu hadithi hiyo. Leo nishani ya juu kabisa ya taifa la Afrika Kusini inaitwa Mapungubwe.

Halafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Makaburi yale yalikutwa na shanga za kioo, maelfu kwa maelfu, zilizotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Akasema, "Zilipita kwa nani hizo shanga? Si kwenu?" Nikaenda kusoma, na kwa kweli nikaona haya. Dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka mpaka Sofala, na kwa muda mrefu biashara ile ya Sofala ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa. Ndiyo iliyopanua Msikiti Mkuu. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Na huko Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, imeokotwa sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Australia jamani! Johannesburg, mji wa dhahabu tunaoukimbilia, umezaliwa mwaka 1886. Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake na kuuza dhahabu mamia ya miaka kabla hapa hapajawa na hata barabara.

Sasa turudi kwa "Waarabu". Rafiki yangu, unajua nani mwingine alisema maneno kama yako? Mwaka 1891 Cecil Rhodes na wenzake walimtuma Theodore Bent kwenda kuchunguza Great Zimbabwe, naye akaja na jibu walilolitaka: haya hayakujengwa na Waafrika, yalijengwa na watu kutoka Uarabuni, jamaa za Wafoinike. Mwaka 1905 David Randall-MacIver akasema hapana, ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba tena akasema hivyo hivyo. Serikali ya Ian Smith haikutaka kusikia. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale Rhodesia, alishikilia ukweli huo mpaka ikabidi aondoke nchini mwaka 1970. Na huyu Garlake ndiye yule yule aliyepima misikiti na nyumba za kale za pwani YETU na kuitolea kitabu mwaka 1966. Kwa hiyo ukisema "hatuhusiki", unarudia wimbo wa Rhodes bila kulipwa.

Simaanishi kwamba Waarabu na Waajemi hawakuwepo. Walikuwepo, na wengine ni babu zetu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wakiwa wamezikwa kwenye miji ya pwani, Songo Mnara na Kilwa zikiwemo. Wamekuta nini? Wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na imetoka hasa kwa akina mama. Upande wa Asia ni mkubwa pia, na umetoka hasa kwa wanaume wa Kiajemi, na baadaye Waarabu. Yaani ni hadithi ile ile wazee waliyotusimulia ya baharia wa Shirazi aliyekuja akaoa. Ila mwenye nyumba alikuwa mke. Lugha iliyobaki nyumbani ni ya mama, ndiyo hii ninayokuandikia. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji walikuta kwamba msikiti wa mawe ulijengwa juu ya misikiti mingine ya zamani zaidi, na ule wa mwanzo kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa kijumba cha miti, kidogo mno. Watu walianza na miti, wakajenga tena pale pale, na tena, mpaka wakafika kwenye jiwe. Mgeni wa kupita hakai akajenga namna hiyo. Ni wenyeji wanaokua.

Na msinielewe vibaya, sidai kwamba mababu walikuwa malaika. Utajiri ule haukuwa wa wote. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Hilo nalo ni letu. Ukiirithi nyumba ya babu unairithi na madeni yake. Kusema "hatuhusiki" ni kukimbia vyote viwili, fahari na deni.

"Ungechangia zahanati"

Shangazi, wewe sikubishii kwa ukali, maana una haki. Zahanati ni muhimu kuliko ukuta, na mgonjwa hasubiri. Mchango wangu wa zahanati nilitoa na risiti unayo. Lakini nina maneno mawili.

Kwanza, nani kasema tuchague kimoja? Hela nyingi za kukarabati Kilwa na Songo Mnara hazikutoka mfukoni mwetu. Mwaka 2004 UNESCO walitangaza kwamba magofu haya yako hatarini: kuta zinaporomoka, mizizi inapasua, bahari inakula fukwe. Waliotoa fedha ni Wafaransa, Wajapani, Wanorwei, na baadaye Wamarekani. Walioinua mawe ni mafundi na vibarua wa visiwani kwetu, waliofundishwa upya kuchanganya chokaa ya kizamani, maana saruji ukiipaka kwenye ukuta wa matumbawe inauumiza badala ya kuuponya. Mwaka 2014 tukaondolewa kwenye orodha ya hatari. Je, Mnorwei hana wagonjwa kwao? Anao. Lakini aliona ukuta wa babu yako una thamani, wewe ukaona mawe tu. Hilo ndilo linaloniuma, wala sio hela.

Pili, huwezi kumponya mtu mwili huku unamwambia hana kwao. Nilichokosa mwaka 2008 pale Yeoville hakikuwa dawa. Nilikosa jibu. Na mtoto wa Kilwa atakayekuja kutafuta maisha Jozi, au Muscat, au London, ataulizwa swali lile lile. Bibi alikuwa akisema mkataa kwao mtumwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaongelea watu wasiorudi nyumbani sikukuu. Kumbe unaweza kukaa nyumbani miaka yote na bado ukakataa kwenu.

Hapa Afrika Kusini, ambako mji ni wa juzi, sheria yao ya urithi ya mwaka 1999 inasema jengo lolote lililozidi miaka SITINI huruhusiwi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali. Sitini! Baba mwenye nyumba niliyopanga alitaka kubomoa baraza la mbele, nyumba ya enzi za vita vya dunia, akaambiwa ngoja, lete michoro kwanza. Akalalamika mwezi mzima. Mimi nilicheka kimoyomoyo nikawaza kile kimsikiti. Na msidhani kwetu sheria hakuna. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kale, na kuchimba bila leseni ni kosa. Sheria tunayo. Kinachopungua ni mtu wa kijijini kuona kwamba kinacholindwa ni chake.

Nikwambieni kilichonitoa machozi katika safari ile, ambacho sikukitia kwenye picha. Tulipita kwenye kisiwa kingine kidogo, jina lake silitaji, wasije wengine wakakifuata. Pale kuna msikiti mwingine wa kale, mdogo kuliko wa Songo Mnara, hauna bango, hauna mlinzi. Mbele ya kibla pamechimbwa shimo la kina cha magoti, udongo bado mbichi. Watu wanatafuta dhahabu ya "Wareno". Na upande wa pili mawe ya ukuta yamepangwa vizuri kwenye fungu, tayari kwa kubebwa. Yule kijana aliyenipeleka akasema taratibu, "Wanachomea chokaa, kaka. Au msingi wa nyumba." Nikauliza wanapata kiasi gani. Akanitajia. Ilikuwa chini ya bei ya chakula changu cha mchana hapa Jozi.

Sikumlaumu aliyebeba mawe. Mtu mwenye njaa haongei na historia. Nilijilaumu mimi, na ninyi, sisi tuliosoma, tuliopata, tunaocheka. Kwa sababu yule aliyechimba shimo amesikia kutoka kwetu kwamba hayo ni mawe tu na ya Waarabu. Amefanya tu kile tulichokisema.

Na kuna mwanamke mmoja mzee, tulimkuta pale anatoka. Alikuwa na kijichupa cha marashi na ubani kidogo kwenye kikaratasi. Alikuja kwenye kaburi lililo kando ya msikiti ule. Nilimwamkia, akaitika, nikamuuliza ni kaburi la nani. Akasema hajui. Mama yake alikuwa akija, na bibi yake alikuwa akija. Najua wengine mtasema hayo hayafai kidini, na mimi si shekhe, hapo siingii. Ninachosema ni kwamba katika sisi wote, wenye shahada na wenye mashua, yeye peke yake ndiye hakuniuliza mawe haya yana faida gani.

Basi tufanye nini?

Sitaki kuwaachia malalamiko matupu. Siombi mchango, wala sifungui mfuko wowote, kwa hiyo pumueni. Naomba mambo manne tu, na hata moja halizidi nauli ya mashua.

Moja, msinunue chokaa wala mawe bila kuuliza yametoka wapi. Mkijenga, ulizeni. Mjomba, unajenga mwaka huu, naanza na wewe.

Mbili, mkiona shimo, semeni. Kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa ofisi ya mambo ya kale, kwa yeyote. Aibu ya kuitwa mbea inapita. Ukuta ukishaliwa haurudi.

Tatu, walimu mlio ndugu zangu, na mko watatu kwa hesabu yangu, wapelekeni watoto. Kutoka Masoko kwenda Kisiwani ni mwendo mfupi tu wa mashua. Mtoto akiona Msikiti Mkuu, akiona na ule Msikiti Mdogo wa Kuba uliosimama mpaka leo na kuba zake, hatakuja kusema "hatuhusiki". Na msimwachie aandike jina lake ukutani kwa mkaa, tafadhali.

Nne, waulizeni wazee. Yule mama mwenye marashi hatakuwepo siku zote. Andikeni majina ya visima, ya makaburi, ya mikoko, hadithi za nani alijenga na nani alihama. Hata kama hazikubaliani, andikeni zote.

Nimemaliza. Hasira imeshuka, chai imepoa. Yule mwenzangu Mvenda alistaafu, amerudi Limpopo. Nilimtumia ile picha ya kimsikiti, ile ile mliyoicheka. Hakutuma kikaragosi. Alinipigia simu, akauliza hicho kibla kimechongwa na nini, nikamweleza habari ya tumbawe bichi, akanyamaza kidogo, kisha akasema siku moja nimpeleke. Nimemwahidi likizo ijayo. Kwa hiyo mjomba, shangazi, na wewe rafiki yangu wa "hatuhusiki", jiandaeni: mgeni wa kutoka Mapungubwe anakuja kuona kwenu. Msije mkamwambia ni mawe tu.

Mwenye kubisha akaribie, uwanja uko wazi, matusi hapana. Nawasalimu wote, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mama, nguo za baridi nimenunua, usiwe na wasiwasi.

Ni mimi wenu, mtoto wa Kilwa, Jozi.